Jinsi ya kuondoa mfumo wa etha kwenye injini ya dizeli ya motohomu

Mwongozo huu nawaandikia ndugu zetu walioko Marekani na Kanada wanaonunua motohomu (magari yenye nyumba ndani) kuukuu za dizeli, hasa zile zenye injini nyuma. Nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina mfumo wa kupuliza etha, kimiminika kinachowaka upesi sana, ili kuwasha injini wakati wa baridi: mtungi mdogo, vali ya umeme, kipaipu chembamba cha nailoni kinachoishia kwenye njia ya hewa ya injini, na kitufe kwenye dashibodi. Kama yako unao, nakushauri uutoe, na usibonyeze kile kitufe kujaribu kama bado unafanya kazi.

Dizeli haina cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Etha hujiwasha kwenye takriban nyuzi 160 za Selsiasi, mapema kuliko dizeli, ndiyo maana huiamsha injini iliyoganda. Ikizidi, huwaka kabla pistoni haijafika juu, na kishindo chake huvunja ringi na kupasua gasketi ya silinda hedi. Kwenye injini yenye hita ndani ya njia ya hewa, kama zilivyo Cummins nyingi za lita 5.9, mambo ni mabaya zaidi: hita ikiwa nyekundu na etha ikapulizwa, mlipuko unatokea mlemle kwenye manifoldi, bomba linaloigawia silinda hewa. Nimeshakuta magari yenye vyote viwili, kwa sababu mmiliki wa zamani alibadilisha injini akauacha mtungi wa etha mahali pake.

Hatua ya 1: Zima mioto ya nyumba

Hapa ndipo mafundi wa malori hupitwa, kwa kuwa lori halina jiko. Motohomu ina friji ya gesi yenye mwali nyuma yake, ina hita ya maji inayojiwasha yenyewe maji yakipoa, na tanuru la kupasha chumba. Mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa mara mbili na nusu hivi, kwa hiyo hauruki juu ukaenda zake. Unatambaa sakafuni ukitafuta moto. Na injini ya nyuma mara nyingi iko chini ya kitanda, mfuniko wake ukifungukia chumbani.

Basi, egesha nje kabisa, usifanyie kazi hii gereji. Funga propeni kwenye tangi lenyewe, kisha hakikisha friji na hita vimezimika kweli. Zima jenereta pamoja na swichi yake ya kujiwasha. Fungua madirisha na mlango wa injini. Acha injini ipoe usiku mzima, kwani etha huchemka kwenye nyuzi 35 hivi, na mtungi uliokaa kwenye joto una shinikizo kubwa.

Ukinusa harufu tamu na kali, usiguse swichi yoyote. Toa watu nje, acha upepo ufanye kazi yake, rudi harufu ikiisha.

Hatua ya 2: Kata umeme wote

Motohomu ina betri za injini na betri za nyumba, na kwenye magari mengi kuna relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayoziunganisha. Chomoa kwanza waya wa umeme wa nje. Kama kuna paneli za sola, zitenganishe na kidhibiti chake kabla ya kugusa betri. Kisha toa waya wa hasi kwenye makundi yote mawili ya betri.

Hatua ya 3: Toa mtungi

Ukianzia kwenye njia ya hewa, fuata kile kipaipu hadi kwenye vali. Kiangalie vizuri kwenye kona zake: nailoni ya miaka thelathini hugeuka manjano, hukakamaa, na ukiikunja kidogo unaona nyufa kama za ngozi kavu. Hapo ndipo etha huvujia.

Vaa miwani na glavu. Legeza kibanio, zungusha mtungi kwa mkono kinyume cha saa. Utasikia msss mfupi unapoachana na vali, kisha kimya. Msss ukiendelea, uache palepale, ondoka, mvuke utawanyike. Kama shingo ya mtungi imeliwa na kutu, usiulazimishe kwa spana. Piga simu kwa kikosi cha zimamoto cha eneo lako uulize.

Mtungi ukishatoka, ufunike kifuniko chake, usimame wima kivulini nje, mbali na gari. Usiutoboe, usiutupe kwenye pipa la taka. Kaunti nyingi za Marekani zina kituo cha kupokea taka hatari za nyumbani. Piga simu kwanza, kisha upeleke huko.

Hatua ya 4: Ua waya kwenye chanzo

Kutoa mtungi peke yake hakutoshi. Kesho fundi mwingine ataona vali tupu, atafunga mtungi mpya akidhani anakusaidia. Piga picha nyaya kabla ya kugusa. Tenganisha waya upande wa kitufe, unakotoka umeme, siyo upande wa vali tu, kisha funika ncha yake kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Hakikisha waya huo hautumiki na starta wala relei ya hita. Kwenye injini za kielektroniki ambazo kompyuta ndiyo inayoamuru etha, mwenye programu ya injini hiyo abadilishe mpangilio, la sivyo taa ya hitilafu itawaka. Halafu fungua vali yenyewe na kipaipu, utoe.

Hatua ya 5: Ziba tundu

Usipoziba tundu la nozeli (ncha ya kipaipu inayopuliza etha), kama liko kabla ya turbo, yaani feni inayosukuma hewa kwenye injini, injini itavuta vumbi lisilochujwa, na vumbi hula ringi na kuta za silinda. Likiwa baada ya turbo, utapoteza hewa. Toa nozeli, weka plagi ya chuma yenye nyuzi za skrubu zilezile pamoja na gundi ya kuzibia nyuzi hizo. Siyo silikoni, na siyo utepe mwingi, maana vipande vyake huingia ndani. Usiache hata chembe ya chuma idondokee kwenye njia ya hewa.

Hatua ya 6: Rudisha umeme na jiandae kwa baridi

Unganisha betri, kisha pima kwa mita ncha ya waya wa vali huku mtu akibonyeza kitufe. Isome sifuri. Washa propeni mwishoni, baada ya kuhakikisha hakuna harufu popote, hata chini ya kitanda. Bandika kibandiko cha Kiingereza kwenye njia ya hewa kinachokataza etha, ili hata wa kutumia kopo la dawa ya kupuliza akione.

Badala ya etha, chomeka hita ya bloku (hita ya umeme inayopasha mwili wa injini) saa tatu au nne kabla ya kuwasha. Tumia dizeli ya majira ya baridi. Kama kuna hita ya hewa, subiri taa yake izime. Kagua betri pia: kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, betri ya asidi hubaki na takriban nusu ya nguvu yake. Injini iliyopashwa moto vizuri na bado haiwaki, ipimwe kompresheni na itafutwe hewa kwenye mafuta.