Choya inasaidia presha, lakini vidonge usiviache

Wenye presha na mnaowauguza, shikeni hili. Choya, yale maua mekundu yaliyokauka yanayouzwa Kariakoo (wengine wanaita rozela), kweli hushusha presha, ila kidogo. Mama mkubwa wangu wa Mbagala anachemsha maji, anaepua, anatia kiganja kimoja cha choya na kufunika dakika kumi mpaka yawe rangi ya damu ya mzee. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, bila sukari. Uchachu wake unakunja uso, lakini ukijaza sukari umeharibu.

Na vidonge vya hospitali anameza kama kawaida. Mwaka juzi aliviacha, muuza dawa za miti shamba alimwambia chupa tatu zinatosha. Hakuumwa kichwa wala kusikia kizunguzungu, tulipompima ikawa 190 kwa 110. Presha haipigi hodi, jamani.

Kwa hiyo nunueni kipimo, hata kwa kuchangishana ndugu. Mgonjwa akae kimya dakika tano, ameegemea kiti, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kisha andikeni tarehe na namba kwenye daftari. Nendeni nalo kliniki, na mtajieni daktari kila mnachochemsha nyumbani. Vitunguu saumu vingi kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda vinaweza kumvujisha damu. Mjamzito choya aiache. Na kile kichupa cha chumvi ya kunyunyizia chipsi na mihogo, kiondoeni mezani leo.