Kumfundisha Katikiro Kagwa kwa kigoda na kopo la karanga

Mwalimu mwenzangu, somo la Buganda, ufalme ulio ndani ya Uganda ya leo, ukilisoma kitabuni tu watakusinzilia. Mimi nililifundisha hivyo miaka minne hapa Dodoma, kipindi cha saa nane mchana, bati linawaka na vumbi linaingia dirishani, nikawa naongea na dawati la mbele peke yake. Siku hizi nafanya hivi.

Azima mtoto. Mtoto mdogo kweli, si mwanafunzi mfupi. Mama lishe wetu huniazima wa kwake, ana miaka mitatu. Mkalishe kwenye kigoda, mama yake asimame karibu. Huyo ndiye Kabaka, yaani mfalme, Daudi Chwa, aliyetawazwa Agosti 1897 akiwa na mwaka mmoja tu, baada ya baba yake, Mwanga, kuwaasi Waingereza, kushindwa na kukimbilia huku kwa Wajerumani.

Nyuma ya kigoda weka viti vitatu vya walezi waliotawala kwa niaba yake: Apolo Kagwa katikati, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri pembeni. Kagwa mpe mwenye sauti nzito. Waambie alikuwa Katikiro, yaani waziri mkuu, tangu 1889. Mtoto ndiye aliyemkuta kitini.

Sasa tarehe 10 Machi 1900. Harry Johnston, mjumbe wa Waingereza, anakaa upande wa pili wa meza na mkataba wake. Mpe mfalme kalamu kwanza, na hapa usiharakishe. Wetu alijichora paja. Darasa likishacheka, uliza: nani atie sahihi? Wenyewe watawanyooshea kidole walio nyuma.

Kisha karanga. Kodi ilikuwa rupia 3 kwa kila nyumba, kwa hiyo kila mwanafunzi alete punje tatu mezani. (Beba za akiba. Mwaka jana walikula kodi kabla haijafika.) Kwenye ardhi, hesabu punje moja kwa maili za mraba 350: Kabaka punje moja, machifu na wenye ardhi wengine punje 23, maana walitengewa maili 8,000.

Jiandae kubishiwa. Binti mmoja aliniambia, "Mwalimu, hao si walikuwa elfu moja? Kila mtu anapata nane, mfalme bado kawashinda." Kweli kabisa. Nikamrudishia swali: aliyeamua nani apate kipande gani ni nani? Ni Lukiiko, baraza la machifu wenyewe, na Katikiro alikuwa kinara wao. Binti alikaa kimya, halafu akazitazama upya zile punje 23. Kwangu somo lote liko hapo, yaliyobaki ni tarehe.

Malizia haraka. Mtoto asimame: 1914, ametimiza miaka 18, walezi wanaondoa viti vya pembeni. Cha Kagwa kiache palepale mpaka useme 1926, mwaka aliojiuzulu. Kagwa wetu wa mwaka huu aligoma kunyanyuka. Kengele ikalia, wenzake wakakimbilia uji, yeye bado kakaa, na mfalme keshabebwa mgongoni na mama yake kuelekea jikoni.