Jinsi ya Kuthibitisha Historia ya Mashindano ya Gari la Kale la Kiingereza: Mfano wa Bentley Speed Six

Anayeuza gari la kale la mashindano huuza vitu viwili kwa bei moja: chuma kilichopo mbele ya mnunuzi, na habari za mahali chuma hicho kilipokimbia. Chuma hukaguliwa na fundi kwa tochi akiwa amelala chini ya gari. Habari nazo zina ukaguzi wake, na ndio unaoelezwa hapa kwa kutumia magari ya Bentley yaliyotengenezwa Cricklewood, London, kabla ya kampuni hiyo kufilisika na kununuliwa na Rolls-Royce mwaka 1931. Nimeyachagua kwa sababu kumbukumbu zake zimehifadhiwa vizuri kuliko za magari mengi ya umri wake, na kwa sababu ubishi juu ya mojawapo uliwahi kufika Mahakama Kuu.

Kazi huanza na namba ya chasisi, wala si namba iliyopakwa rangi ubavuni mwa gari. Bentley ya aina ya Speed Six iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1929, ikiendeshwa na Woolf Barnato na Tim Birkin, ilibeba namba 1, na ndiyo asili ya jina lake maarufu, Old Number One. Gari hilo hilo liliposhinda tena Le Mans mwaka 1930, safari hii Barnato akipokezana usukani na Glen Kidston, lilibeba namba 4. Namba ya mashindano hugawiwa upya kila mbio, kwa hiyo husaidia kulitambua gari ndani ya siku moja tu na si zaidi ya hapo. Namba ya usajili ni bora kidogo, lakini sheria za Uingereza zinaruhusu namba hiyo kuhamishwa kutoka gari moja kwenda jingine, na wapo wanaonunua namba ya zamani ili kulipamba gari ambalo halikuwahi kuwa nayo.

Ukishaifikia namba ya chasisi, usitosheke na kibati kilichopigwa ribiti, kwa maana kibati hubanduliwa na kupachikwa kwingine kwa dakika chache. Tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, isafishe kwa kitambaa chenye mafuta bila kutumia msasa, kisha iangaze kwa tochi iliyolazwa karibu kabisa na chuma ili mwanga upite ubavuni mwa tarakimu. Chuma kilichosagwa ili kufuta namba ya awali huonyesha bonde dogo ambalo jicho halilioni mwanga ukitoka juu, na tarakimu zilizogongwa juzi huwa na kingo kali zisizo na kutu ndani yake. Weka karatasi nyembamba juu ya namba, usugue kwa penseli, na uandike tarehe pembeni. Nakala hiyo utaihitaji utakapolinganisha umbo la tarakimu na la magari mengine ya kiwanda hicho. Fanya vivyo hivyo kwa injini, ekseli na giaboksi, kwani katika magari ya mashindano vitu hivi vilihamishwa kutoka gari hadi gari bila mtu kuona ajabu.

Hatua inayofuata ni kumbukumbu za kiwandani, na hapa Bentley ina bahati ya pekee. Kampuni ilitoa dhamana ya miaka mitano kwa chasisi zake, kwa hiyo magari yalirudi kwake kwa matengenezo na kila kazi iliandikwa chini ya namba ya chasisi husika: injini iliyofunguliwa, ekseli iliyobadilishwa, fremu iliyonyooshwa baada ya ajali. Wamiliki walianzisha Bentley Drivers Club mwaka 1936, na leo taasisi ya kumbukumbu ya W.O. Bentley, mwasisi wa kampuni, iliyoko Wroxton, karibu na Banbury, ndiyo mahali pa kwanza pa kuandikia. Katika barua yako taja namba zote ulizozikuta na uambatanishe picha, lakini uliza swali lililo wazi: kumbukumbu zinasema nini kuhusu chasisi hii? Ukiuliza kama ni kweli gari lilishiriki mbio za uwanja wa Brooklands, Uingereza, mwaka fulani, utakuwa umeshamwelekeza mtunza kumbukumbu kwenye jibu unalolipenda.

Sambamba na hizo, tafuta kadi ya gari. Tangu mwaka 1921 Uingereza ilitoa kitabu kidogo kilichoandikwa majina ya wamiliki mmoja baada ya mwingine, pamoja na rangi na aina ya bodi. Madaftari yenyewe yaliwekwa na halmashauri za majimbo na miji tangu 1904 hadi shughuli hiyo ilipohamishiwa ofisi moja ya taifa huko Swansea katika miaka ya 1970. Mengine yalitupwa wakati wa uhamisho huo, lakini yaliyosalia mara nyingi hupatikana katika nyumba za kumbukumbu za majimbo.

Sasa tengeneza kalenda ya gari, na uipe tarehe uzito kuliko simulizi. Mfano mzuri kuliko yote niujuao ni ule wa Treni ya Buluu, treni ya kasi iliyotoka pwani ya kusini ya Ufaransa hadi bandari ya Calais. Mwezi Machi 1930 Barnato aliweka dau kwamba angetoka Cannes kwa gari na kufika London kabla treni hiyo haijafika Calais, na akashinda. Kwa miongo mingi sifa hiyo ilipewa Speed Six ya milango miwili yenye paa lililoinama, iliyojengwa bodi na Gurney Nutting, na hata mchoro maarufu uliionyesha ikikimbizana na treni. Kalenda inakataa: bodi hiyo ilikamilika mwezi Mei 1930, miezi miwili baada ya safari. Gari lililofanya kazi ile lilikuwa Speed Six nyingine ya Barnato, saluni yenye bodi ya H. J. Mulliner. Hakuna aliyehitaji kufungua boneti ili kuligundua hilo. Ilitosha kuweka tarehe mbili kwenye ukurasa mmoja.

Kwa kila mbio zinazotajwa, tenganisha mambo matatu: gari liliandikishwa, gari lilianza, gari lilimaliza. Programu, yaani kijitabu cha mbio kilichouzwa mlangoni, huthibitisha la kwanza tu, kwa kuwa ilichapishwa kabla ya siku yenyewe. Le Mans ya 1930 timu ya Birkin, iliyofadhiliwa na Dorothy Paget, iliandikisha Bentley tatu za lita 4½ zenye supachaja, kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Mbili ndizo zilizoanza, na zote mbili ziliharibika kabla ya kumaliza. Mwenye programu mkononi angeweza kabisa kuuza gari la tatu kama gari lililokimbia Le Mans. Kwa hiyo linganisha programu na matokeo rasmi, na matokeo na taarifa za magazeti ya wakati huo, yaani The Autocar lililoanza mwaka 1895, The Motor, na Motor Sport lililoanza mwaka 1924.

Picha zisomwe polepole. Usianze na uso wa dereva. Tazama vitu ambavyo hakuna aliyefikiria kuvighushi, kama vile idadi ya matundu ya hewa kwenye boneti, mahali mkanda wa boneti unapopita, upande ulipo mfuniko wa tangi, na mstari wa ribiti. Bodi yenyewe isikupe uhakika wowote. Bentley nyingi ziliuzwa zikiwa saluni nzito, na baadaye chasisi zikafupishwa na kuvalishwa bodi za wazi za kitambaa kwa mtindo wa zile ambazo kampuni ya bodi ya Vanden Plas iliyatengenezea magari ya timu ya Bentley, kiasi kwamba leo magari yenye sura ya Le Mans ni mengi kuliko yaliyowahi kufika huko.

Swali gumu zaidi hubaki hata pale kila karatasi inapokuwa ya kweli: gari lililobadilishwa karibu lote ni lile lile? Mwaka 1990 Jaji Otton aliamua kesi ya Hubbard dhidi ya Middlebridge Scimitar, kampuni iliyokuwa imekubali kununua Old Number One kwa bei iliyotajwa kuwa pauni milioni 10, kisha ikakataa ikidai kwamba si gari lenyewe. Ushahidi wa kitaalamu ulieleza kwamba vilivyosalia vya gari la 1930 ni shafti ya pedali, kasha la giaboksi na nguzo ya usukani, na kwamba chasisi na injini ya lita 8 vilikuwa vya umbo la gari hilo la mwaka 1932. Hata hivyo jaji alimpa ushindi Hubbard, aliyekuwa muuzaji. Gari halikuwahi kuvunjwa na kutoweka, lilipita kutoka umbo moja hadi jingine bila mlolongo wake kukatika, na hapakuwa na gari jingine lenye haki ya kudai jina hilo. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haki, ingawa ningependa kila muuzaji anayeitaja aoneshe kwanza mlolongo wake mwenyewe usiokatika.

Usidanganywe na pasi ya magari ya kihistoria inayotolewa na FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari. Hiyo huthibitisha kwamba gari limeundwa kwa vipimo vya enzi yake na linaruhusiwa kushindana leo; haithibitishi kwamba chasisi hiyo ilishinda chochote. Kadhalika anayekagua gari la Kiingereza la aina nyingine, kama MG au Austin-Healey, aliyoiona kwenye maonyesho ya magari ya Africa Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi, anaweza kuomba cheti kutoka British Motor Museum ya Gaydon, lakini cheti hicho huhusu gari lilivyotoka kiwandani, na mambo ya mashindano atayatafuta kwingine.

Unapoandika matokeo, ukipe kila kipindi mstari wake wenye mwaka, tukio, hali ya gari wakati huo na ushahidi ulioushika. Kwa Old Number One mstari mmoja ungesomeka hivi: Septemba 1932, Brooklands, mbio za maili 500, gari likiwa na injini ya lita 8 lilivuka ukingo wa juu wa njia na dereva, Clive Dunfee, akafariki, gari likajengwa upya. Mwaka usio na ushahidi uuache wazi, na kama kuna gari la pili linalodai ushindi huo huo, liandike pia pamoja na namba yake. Nakala moja ya jedwali ibaki na gari na nyingine itumwe kwenye kumbukumbu za klabu, ambako mmiliki wa gari hilo la pili ataiona na huenda akakuandikia.