Unauza fleti Uingereza? Anza na bima ya jengo

Kama fleti yako iko Uingereza au Wales na unaimiliki kwa mkataba wa pango wa miaka 99 au 125, jengo si lako na bima yake hukuikata wewe. Aliyeikata ni mwenye ardhi au wakala anayesimamia jengo. Wewe unachangia tu kwenye ada ya huduma. Ndiyo maana wauzaji wengi hawajawahi hata kuiona. Mnunuzi ataitaka, na benki inayomkopesha itaitaka kuliko yeye. Mimi niliuza fleti ya vyumba viwili Barking, mashariki ya London, na tangu hapo watu wa kwetu wananiletea makaratasi yao mezani. Wote nawaambia hivi: itafuteni hati ya bima kabla dalali hajaja kupiga picha.

Msingoje fomu ya LPE1. Hiyo huijaza wakala wa jengo kujibu maswali ya upande wa mnunuzi, ina sehemu yake ya bima, na anayeilipia ni muuzaji, mara nyingi mamia ya pauni. Inachelewa, na hati inayoambatana nayo inaweza kuwa ya mwaka uliokwisha. Andika barua pepe mwenyewe. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 1985 inampa haki anayechangia bima kupitia ada ya huduma aombe muhtasari wake kwa maandishi, na mwenye jengo ana siku 21 za kujibu. Itaje sheria hiyo kwenye barua, danadana zinapungua. Omba jedwali la bima la mwaka huu, masharti yake yote, na uthibitisho kwamba ada ya bima imelipwa. Cheti cha ukurasa mmoja hakimtoshi wakili makini.

Zikifika, kaa nazo na kalamu. Anza na jina la aliyekatiwa bima. Kwenye yangu lilikuwa bado jina la mwenye ardhi wa zamani, aliyekwisha kuuza jengo kwa kampuni nyingine. Kila mwaka bima ilihuishwa na hakuna aliyeangalia. Wakili wa mnunuzi angeliona hilo kwa jicho moja, na hapo ndipo mauzo yanapolala wiki nzima yakisubiri jibu. Nilimbana wakala, naye akamfuata dalali wa bima, ikatoka karatasi ya marekebisho. Hakikisha pia namba ya fleti yako imo kwenye anwani, na kwamba bima inahusu jengo zima, si ngazi na korido tu.

Kisha tazama tarehe ya mwisho. Ikiwa bima inaisha katikati ya mauzo yako, mwambie wakala mapema akuletee mpya siku inapotoka. Wakili wa benki hatakubali hati iliyokufa jana.

Kiasi kilichokatiwa bima ndicho kinachowachanganya wengi. Si bei ya fleti sokoni. Ni gharama ya kulijenga upya jengo zima, pamoja na kubomoa, kuondoa kifusi na kuwalipa wataalamu. RICS, chama cha wapima majengo, hushauri makadirio hayo yafanywe upya kila miaka 3 hivi. Uliza ya mwisho yalifanywa lini. Jengo la kujengwa kwa pauni milioni 6 likikatiwa bima ya milioni 3, moto wa hasara ya 400,000 unaweza kulipwa 200,000 tu, na pengo mnalijaza nyinyi wenye fleti.

Angalia pia kiasi mnachobeba wenyewe kabla bima haijalipa. Kwenye majengo yenye historia ya mabomba kupasuka, kiasi hicho kwa madai ya maji yaliyovuja huwa kikubwa kuliko kwa madai ya moto. Nani anakilipa, wewe au jengo lote? Jibu liko kwenye mkataba wako wa pango, si kwenye hati ya bima.

Barking tuna swali letu la ziada. Juni 2019 moto ulipanda kwenye roshani za mbao za jengo la fleti la Samuel Garside House. Hakufa mtu, lakini baada ya hapo, na baada ya moto wa ghorofa la Grenfell, London, wa 2017, mawakili huulizia roshani na kuta za nje kwa makini. Ikiwa jengo lina ripoti ya ukaguzi wa moto au fomu ya EWS1, ile ya ukaguzi wa kuta za nje, iambatanishe pamoja na bima.

Kamisheni sasa. Tangu 31 Desemba 2023 kanuni za FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha Uingereza, zinazitaka kampuni za bima zitoe taarifa ziwafikie wenye fleti, pamoja na kamisheni iliyolipwa. Haitakusaidia kuuza, lakini isome. Mimi niliisoma nikaelewa kwa nini ada yetu ilikuwa inapaa.

Fleti za nyumba iliyogawanywa juu na chini ni kesi yake. Pengine kila mmoja anakata bima ya nusu yake, na benki nyingi hazipendi. Ongea na jirani mkate moja kwa majina yenu wote.

Na ikiwa umeshahama, au umekwenda Tanga kwenye msiba ukaiacha fleti tupu, soma kifungu cha nyumba isiyokaliwa. Baada ya siku kadhaa, mara nyingi 30, bima nyingi hupunguza ulinzi au hutaka ziarifiwe, maji yafungwe, na mtu apite kukagua. Jirani mwenye funguo anatosha. Mwambie aandike tarehe kila anapopita.

Kwa masharti ya kawaida ya mauzo, hatari inahamia kwa mnunuzi mkishabadilishana mikataba, lakini bima yako ya vyombo vya ndani usiikatishe mpaka siku ya kukabidhi funguo. Siku hiyo hiyo kagua hesabu ya wakili: kama ada ya huduma umeilipa mpaka Machi na unatoka Januari, mnunuzi anakurudishia siku zilizobaki, na sehemu ya bima imo humo.