SOMO: Chakula salama kwa askari walioko operesheni

Tangu 2013 askari wa Tanzania wamehudumu katika Brigedi ya Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo, ambako umeme wa kambini hutegemea jenereta na doria huweza kurudi saa nyingi baada ya chakula kuiva. Kikosi kinachoharisha hakiwezi kulinda raia, hata kama silaha zake zote ni nzima, na ndiyo maana kazi ya mpishi naihesabu kuwa sehemu ya ulinzi wenyewe.

Hatua ya kwanza: maji. Yachujwe kwanza, kwa kuwa tope hudhoofisha klorini, kisha yatiwe dawa. Baada ya dakika 30 ibaki walau miligramu 0.5 za klorini kwa lita.

Hatua ya pili: wapishi. Anayeharisha au kutapika akae nje ya jiko mpaka zipite saa 48 tangu dalili zikome, na mwenye kidonda chenye usaha mkononi asiguse chakula kabisa. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka.

Hatua ya tatu: moto. Katikati ya nyama pafike nyuzi 70 za Selsiasi, na kisu cha nyama mbichi kisikate kachumbari.

Hatua ya nne ndiyo inayopuuzwa zaidi: muda kati ya kupika na kula. Mpishi hufunika sufuria kubwa ya wali mchana kwa ajili ya doria ya usiku. Juu wali umepoa, lakini ukichota katikati bado ni vuguvugu, na humo bakteria huzaliana kwa saa nyingi, kwani hustawi kati ya nyuzi 5 na 60. Chakula kisichotunzwa katika joto linalozidi nyuzi 60 kisikae zaidi ya saa 2. Cha kuhifadhi kitandazwe kwenye sinia, kina kisichozidi sentimita 5, kisha kiingie kwenye jokofu upesi. Iwapo jokofu halitegemeki, ni afadhali kuwapikia wa doria upya wanapotoa taarifa kwa redio kwamba wanarejea, hata kama kuni zitatumika zaidi.

MASWALI YA WANACHAMA

Afande, kiporo cha wali kikipashwa mpaka kitoe mvuke, si bakteria wote hufa?

Bakteria wengi hufa, lakini sumu ya kutapisha ambayo bakteria aina ya Bacillus cereus wameshaiacha ndani ya wali haivunjwi na moto wa jikoni. Wali uliolala nje umwagwe.

Je, tununue mboga na matunda sokoni?

Nunueni mboga za kupikwa na matunda ya kumenywa. Saladi ya majani mabichi iacheni, kwa sababu huwezi kujua ilimwagiliwa maji gani.

Askari wengi wakianza kutapika kwa pamoja, tufanye nini kwanza?

Simamisheni ugawaji wa chakula, wapeni wagonjwa maji ya ORS (yenye chumvi na sukari, ya kurudisha maji mwilini) na mwiteni tabibu wa kikosi. Mabaki yasitupwe, bali yafungwe, yaandikwe mlo na saa, yahifadhiwe kwenye baridi kwa ajili ya uchunguzi. Mwulizeni kila mgonjwa alikula nini na lini: kutapika ndani ya saa 1 hadi 6 baada ya mlo mara nyingi huashiria sumu iliyokuwa tayari kwenye chakula, na hapo uchunguzi uanzie kwenye wali na kwenye mikono ya waliougawa, kama ina kidonda chenye usaha.