Kiidadi au kitaamuli? Anza na ushahidi, hojaji baadaye

Wiki iliyopita nilikaa na mwanafunzi aliyesaili watu 20 kwa kina, kisha akaandika kwenye sura ya matokeo: "Asilimia 65 ya watumiaji hawaridhiki na huduma." Usaili wake ulikuwa mzuri sana. Sentensi hiyo ndiyo iliyomponza.

Hatua ya 1: Swali

Liandike kwa mstari mmoja. "Wangapi" na "mara ngapi" yanataka namba, yaani utafiti wa kiidadi. "Kwa nini" na "wanalionaje" yanataka maelezo ya watu, yaani utafiti wa kitaamuli.

Hatua ya 2: Dai na ushahidi wake

Usikimbilie hojaji. Chora jedwali la safu tatu: dai ninalotaka kulitoa, ushahidi utakaolibeba, nitaupata wapi. Napendelea karatasi na penseli, maana utafuta sana.

Sasa lipime dai la mwanafunzi wetu. Linazungumzia watumiaji wote, kwa hiyo linahitaji sampuli nasibu ya kutosha, yaani watu waliochaguliwa kwa namna inayompa kila mtumiaji nafasi ya kuchaguliwa. Ile idadi ya watu 384 wa kuhojiwa inayonakiliwa katika mapendekezo mengi ya utafiti ina masharti yake: jamii kubwa, uhakika wa asilimia 95, kosa la asilimia 5 kila upande, na watu waliochaguliwa kwa nasibu. Ukigawa hojaji 384 kwa waliopita mlangoni tu, umepata wingi, hujapata uwakilishi.

Watu wake 20 wanabeba dai la aina nyingine, lenye uzito wake: namna mtu anavyofikia kukata tamaa na huduma. Ushahidi wake ni maneno yao wenyewe, pamoja na ya yule aliyesema kinyume. Huyo mtafute kwa makusudi.

Mwaka 1854, London, daktari John Snow alichunguza vifo vya kipindupindu akaona vimerundikana karibu na pampu ya Broad Street. Lakini kulikuwa na mjane aliyefia Hampstead, mbali na hapo. Snow alipozungumza na mwanawe, akaambiwa mama alikuwa akiletewa maji ya pampu ile ile kwa sababu aliyapenda. Hesabu ilionyesha mahali. Mazungumzo yakaeleza kifo kilichoonekana kuipinga hesabu. Ukichanganya mbinu mbili, kila moja iwe na kazi yake namna hiyo.

Hatua ya 3: Kukusanya

Jaribu maswali kwa watu wachache kwanza. Rekodi kwa ridhaa, na unukuzi ufanye mwenyewe. Ukisikiliza upya utasikia kusita ambako programu haikuandikii.

Hatua ya 4: Kuandika

Rudi kwenye jedwali. Sentensi isiyo na ushahidi wake, ifute au ipunguze. Mwanafunzi wangu aliandika upya: "Kati ya watu 20 niliowasaili, 13 walieleza kutoridhika, na karibu wote walianza kwa kusimulia siku waliyojibiwa kabla hawajamaliza kueleza shida yao."