Somo: Kupitisha hewa kati ya bati na dari

Chumba kikibaki na joto hadi usiku wakati nje kumeshapoa, angalia kwanza nafasi iliyo juu ya jipsamu. Na yale madoa ya kahawia darini si lazima yawe ya mvua. Usiku usio na mawingu bati hupoa kuliko hewa iliyo chini yake, mvuke ukageuka matone na kudondokea jipsamu. Hapo hata ukipaka silikoni misumari yote, madoa yatarudi.

1. Pima eneo la dari. Nyumba ya mita 12 kwa 10 ina mita za mraba 120. Gawanya kwa 300: unahitaji mita za mraba 0.4 za matundu, nusu chini kwenye upenu, nusu juu karibu na kofia (bati linalofunika kilele cha paa). Kama yote yatakaa usawa mmoja, gawanya kwa 150.

2. Zidisha mara mbili: 0.8, yaani 0.4 chini na 0.4 juu. Wavu wa mbu hula karibu nusu ya tundu, na vumbi huongezea.

3. Chini: kwenye dari ya upenu acha mwanya wa sentimita 2 mfululizo, pande zote mbili ndefu. Mita 24 kwa 0.02 ni 0.48, inatosha. Kisha panda uchungulie juu ya ukuta. Mafundi wengi hupandisha tofali mpaka lishikane na bati, kwa hiyo hewa inaishia kwenye upenu. Toboa kati ya kenchi na kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa).

4. Juu: kwenye kila ukuta wa pembetatu weka tundu la sentimita 50 kwa 40, juu kabisa. Vibao viinamie nje, wavu ukae ndani.

5. Bomba la feni ya jikoni au bafuni litoke nje kabisa. Likiishia juu ya dari, unamwaga mvuke palepale unapoukimbia.

Matundu hayazuii joto ambalo bati lenyewe linamulika kwenye dari. Kwa hilo tandika foili chini ya papi (mbao zinazopigiliwa bati), upande unaong'aa uangalie chini ili vumbi lisiufunike.

Swali: Mkuu, paa langu ni la pande nne, halina ukuta wa pembetatu.
Jibu: Inua kofia kidogo, uweke wavu na kikinga mvua pande zote mbili. Sponji iliyojazwa chini ya kofia itolewe, ndiyo inayoziba.

Swali: Popo je?
Jibu: Wavu wa chuma wa milimita 6 unawazuia, ila mbu watapita. Hakikisha kwanza hakuna popo ndani, usije ukawafungia.

Swali: Nikiweka feni ya kuvuta hewa juu tu, bila kugusa upenu?
Jibu: Itavuta kupitia nyufa za dari na matundu ya taa, yaani hewa ya vyumbani. Kama una AC, unalipia umeme wa kupoza mabati. Fungua upenu kwanza, huenda feni usiihitaji.